Namba ya Pili Kwenye Lenzi

Bi harusi mtarajiwa alipoanza kuingia ukumbini, nilikuwa nimesimama katikati ya zulia jekundu, kamera ikiwa kwenye M, yaani kila kitu napanga kwa mkono: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/100, ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga) 3200, apacha (tundu la mwanga la lenzi, ambalo namba ikiwa ndogo ndipo linakuwa pana) f/3.5, na flashi nimeielekeza darini kwa nguvu niliyoipanga mwenyewe. Lenzi ilikuwa 18-55, yaani inayovuta kutoka milimita 18, upande wa pana, hadi 55, upande mrefu, ile inayokuja ndani ya boksi pamoja na kamera. Picha za mwanzo, nilizozipiga kwa milimita 18 ili zibebe mlango, mapambo na akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele, zilitoka vizuri. Kisha nikazungusha pete hadi 55 nipate uso wake, maana machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga, nikapiga picha kumi na mbili mfululizo. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta, zote kumi na mbili zilikuwa na giza.

Kosa halikuwa la flashi wala la taa za ukumbi. Lenzi ile imeandikwa mbele 1:3.5-5.6, na maandishi hayo yalikuwa yameshanieleza kitakachotokea, ila nilikuwa sijajifunza kuyasoma. Kwenye milimita 18 lenzi inaweza kufungua hadi f/3.5, kwenye 55 haiwezi kufungua zaidi ya f/5.6. Nilipovuta, kamera ilihamisha namba yenyewe, na ishara pekee niliyopewa ni tarakimu ndogo kubadilika chini ya kioo cha kuchungulia, wakati macho yangu yote yapo usoni kwa binti wa watu. Kutoka f/3.5 hadi f/5.6 mwanga unaoingia unapungua zaidi ya mara mbili na nusu, na kwa kuwa shata, ISO na nguvu ya flashi nilikuwa nimeshazifunga kwa mkono, hapakuwa na kitu cha kufidia. Nilijaribu kuziokoa kwa kuongeza mwanga kwenye programu. Gauni lilirudi, lakini ngozi yake ya maji ya kunde ilijaa chengachenga shavuni na shingoni, na kivuli cha chini ya kidevu kikawa na rangi ya majivu ambayo hakuzaliwa nayo. Anayepiga picha watu wenye ngozi kama zetu anajua kwamba hapo ndipo picha iliyokosa mwanga inapoharibika kwanza.

Vijana wanaoanza kazi hii ya sherehe huniuliza mara kwa mara kama wajikusanye wanunue lenzi ya kuvuta yenye apacha isiyobadilika, au hii inayobadilika inatosha. Nimeamua kuliandika jibu langu lote mahali pamoja, kwa sababu linalozunguka vijiweni ni nusu tu ya jibu, ile inayosema kwamba bila lenzi ya f/2.8 wewe si mpiga picha.

Tuanze na maana ya namba zenyewe. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya milimita za lenzi kwa upana wa tundu la mwanga jinsi linavyoonekana ukilitazama kwa mbele. Lenzi ya 18-55 ikiwa kwenye 18 na f/3.5, tundu hilo lina upana wa takriban milimita 5. Ikiwa kwenye 55 na f/5.6, lina karibu milimita 10. Kwa hiyo tundu limekua, ila halikukua kwa kasi ya milimita, na ndiyo maana namba ya f imepanda. Ili lenzi hiyohiyo ishike f/2.8 kwenye 55, tundu lingehitaji kufika karibu milimita 20. Ukichukua 70-200 ya f/2.8, hesabu inakupeleka kwenye milimita 25 mwanzoni na milimita 71 mwishoni. Kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko tundu linalotakiwa kuonekana ndani yake, na hapo utaelewa kwa nini lenzi hizo nyingi hufungwa filta ya milimita 77 na kwa nini zinapima karibu kilo moja na nusu.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Chukua lenzi ya zamani yenye pete ya apacha, au lenzi yoyote ambayo vibamba vyake, vile vipande vyembamba vinavyofunga na kufungua tundu, unaweza kuviona, ielekeze dirishani na uitazame kwa mbele huku ukizungusha pete ya zumu polepole. Utaona tundu linatanuka mbele yako ilhali hakuna mtu aliyegusa vibamba. Vioo vya mbele vinasogea na kulikuza, kama miwani ya kusomea inavyokuza herufi unapoisogeza mbali na gazeti. Fundi aliyesanifu lenzi ya apacha isiyobadilika amepanga mwendo wa vioo hivyo ili ukuzaji uende sambamba na milimita kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye baadhi ya lenzi mtambo wa ndani hufunga vibamba kidogo upande wa pana ili hesabu ikae sawa. Kazi hiyo inahitaji vioo vikubwa zaidi na nafasi zaidi, na gharama yake yote inaishia kwako. Lakini wazo lenyewe si geni wala si anasa ya juzi. Zoomar ya Voigtländer iliyotoka mwaka 1959, ambayo ilisanifiwa na Frank G. Back na ndiyo lenzi ya kwanza ya kuvuta kuuzwa kwa ajili ya kamera za picha za mnato zenye kioo cha kuakisi ndani (SLR) na filamu ya milimita 35, ilikuwa 36-82 na ilishika f/2.8 mwanzo hadi mwisho.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, kusema apacha haibadiliki si kusema imegandishwa. Lenzi ya f/2.8 unaweza kuifunga hadi f/8 au f/16 kama nyingine yoyote. Kisichobadilika ni upeo wa kufunguka. La pili, ambalo ndilo lenye faida zaidi mfukoni, ni kwamba lenzi inayobadilika hubadilika tu pale unapoitumia ikiwa imefunguliwa kupita namba yake ya pili. Ukiipanga 18-55 kwenye f/5.6 tangu mlangoni, utavuta kutoka 18 hadi 55 na kurudi bila namba kusogea hata kidogo. Kwa maneno mengine, kila lenzi inayobadilika ina ndani yake lenzi isiyobadilika, na namba yake ni ile ya pili. Ningelijua hili siku ile ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ningepanga f/5.6 kabla bi harusi mtarajiwa hajafika, nikapandisha ISO na flashi kwa ajili ya hiyo, na picha zote za zulia zingefanana mwanga.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinionyesha lenzi naanzia namba ya pili, na ile ya kwanza naiangalia baadaye. Ile ya kwanza ndiyo wauzaji wanayoitamka kwa sauti, nayo inahusu upande wa pana, ambako mara nyingi unapiga ukumbi mzima, kundi la wajomba na mashangazi, au meza ya chakula, na ambako hata shata ya polepole kidogo haikuumbui. Ya pili inahusu upande mrefu, na upande mrefu ndiko uso uliko. Mchukue mtengenezaji mmoja tu, Fujifilm: mwaka 2012 alitoa XF 18-55 ya f/2.8-4, yenye gramu 310 hivi, na mwaka 2019 akatoa XF 16-80 ya f/4 isiyobadilika, yenye gramu 440. Kwa mtu anayeamini kwamba isiyobadilika ndiyo daraja la juu, ya pili ingekuwa bora moja kwa moja. Lakini ile ya kwanza inafungua angalau hadi f/4 popote, na upande wa pana inakuzidishia mwanga mara mbili. 16-80 inakupa urefu zaidi, na hiyo ni sababu halali kabisa ya kuinunua. Ila usiinunue kwa kudhani umepanda ngazi ya mwanga.

Sasa nirudi ukumbini, kwa sababu huko ndiko swali hili lina uzito kuliko mahali pengine popote ninapofanya kazi. Kwenye kumbi zetu mpiga picha ana vitu vitatu vya kuchezea: shata, ISO na apacha. Shata imefungwa na umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinazowekwa darini na kwenye mapambo hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo ukipiga kwa 1/50 au 1/100 unameza mapepeso kamili, lakini ukipanda hadi 1/250 unaanza kuona michirizi ya giza imekatiza picha, na fremu moja ina rangi ya manjano wakati inayoifuata ina zambarau. Kushuka hadi 1/50 nako kuna shida yake, kwa kuwa watu wanacheza, na kitulizo cha kutikisika kilichomo ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako tu. Shangazi anayeruka na kanga mkononi hakimhusu. Kwa hiyo shata inabaki 1/100 karibu usiku mzima. ISO nayo ina dari yake, na kwenye kamera za miaka kadhaa iliyopita zenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, ambazo wengi wetu ndizo tulizonazo, dari hiyo si ya juu sana. Kinachobaki ni apacha peke yake.

Weka namba na utaona. Ukumbi uliohitaji ISO 3200 kwa f/3.5 utahitaji ISO 8000 kwa f/5.6, na ISO 2000 hivi kwa f/2.8. Tofauti kati ya 2000 na 8000 kwenye ngozi nyeusi, chini ya taa ya zambarau, ni tofauti kati ya picha ambayo mama wa binti ataitundika sebuleni na picha utakayoificha kwenye kundi la zile zilizobaki. Tena kamera nyingi hulenga fokasi lenzi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho hata kama wewe umepanga kuifunga, na kwenye kamera zenye kioo cha kuakisi (DSLR) sehemu nyingi za kulengea zimetengenezwa zifanye kazi hadi f/5.6, nyingine zikiwa na usahihi wa ziada kwa lenzi ya f/2.8. Lenzi ya 5.6 kwenye kona yenye kiza huenda mbele na kurudi ikitafuta fokasi, ikakuacha na picha ya mgongo wa MC. Hili halisemwi sana wakati wa kulinganisha lenzi, nami naliona kubwa karibu sawa na suala la mwanga wenyewe.

Jambo jingine ni akili. Nikiwa na f/2.8 isiyobadilika, napiga picha mbili za majaribio kabla wageni hawajafika, napanga mwanga, na kwa saa nne zinazofuata sifikirii namba tena isipokuwa taa zikibadilishwa. Naweza kuvuta na kuachia nikifuata tukio, nikijua flashi niliyoipanga itapiga uleule. Wanaotumia flashi inayojipima yenyewe hawaumii sana hapa, maana itajaribu kufidia, lakini flashi hiyo huongeza nguvu ili kufidia, betri zinakwisha haraka na inachelewa kujaza, halafu keki inakatwa wakati taa yake nyekundu bado haijawaka.

Kwa video maneno ni machache zaidi. Ukivuta polepole wakati wa viapo kanisani kwa lenzi inayobadilika iliyofunguliwa hadi mwisho, mwanga hushuka njiani, mara nyingine kwa vingazi vidogo vinavyoonekana waziwazi, na hakuna namna nzuri ya kuuficha baadaye. Anayerekodi video na anapenda kuvuta huku akirekodi ama anunue isiyobadilika, ama afunge kwenye namba ya pili na awashe taa ya ziada. Ila asidhani kwamba kutobadilika kwa apacha kunamhakikishia fokasi haitahama anapovuta. Hiyo ni sifa nyingine kabisa ya lenzi, na nyingi za picha za mnato hazina.

Mchana ni dunia nyingine. Kwenye jua la saa nne pale ufukweni, unapiga f/8 na shata bado inakimbia, na lenzi ya bei ndogo iliyofungwa hadi f/8 hutoa picha kali ambayo mteja hataweza kuitofautisha na ya lenzi ya bei kubwa. Mahafali, mikutano ya hadhara, mechi za mchana, safari za familia: sijawahi kurudi nyumbani kutoka kazi kama hizo nikilaumu namba ya pili. Mandhari ya nyuma hayatayeyuka sana kama kwa f/2.8, ndiyo, lakini ukimsogeza mtu mbali na ukuta mita chache na ukapiga kwa upande mrefu, yatalainika kiasi cha kutosha.

Porini ndiko lenzi inayobadilika inaponishawishi kabisa. Sony 200-600 ya f/5.6-6.3 ina zaidi kidogo ya kilo 2, na filta yake ni ya milimita 95, kwa sababu 600 ukigawanya kwa 6.3 unapata karibu 95. Kutaka f/4 kwenye 600 ni kutaka tundu la milimita 150, na hapo huwezi kuvuta tena: unanunua lenzi ya milimita 600 pekee, yenye zaidi ya kilo 3 na bei ya gari dogo. Hata zile za kuvuta za f/4 zinazoishia 400, kama Canon 200-400 na Nikon 180-400, zina kilo tatu na nusu au zaidi. Nilikaa Mikumi siku nzima na lenzi ya kukodi iliyobadilika kutoka 5 hadi 6.3, nimeilaza juu ya kifuko cha mchele dirishani mwa gari, na tembo walipovuka barabara karibu mno kwa 600 nilirudi 200 bila kubadilisha chochote isipokuwa pete. Kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni f/6.3 haikuniudhi. Ilinisumbua kwa nusu saa ya alfajiri, simba walipokuwa bado kwenye majani marefu na jua halijatoka, na kwa nusu saa hiyo singebeba kilo tatu na nusu siku nzima.

Kuhusu bei, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Canon, kwa sababu kampuni hiyo imetoa 24-105 zaidi ya moja kwa kamera zilezile za mfumo wake wa RF, na mbili kati yake zinaanza kwenye f/4. Ya f/4 isiyobadilika ina gramu 700 na ilitoka mwaka 2018 kwa dola 1,099 za Marekani, ya f/4-7.1 ina gramu 395 na ilitoka mwaka 2020 kwa dola 399. Kwa milimita, zinaanza mahali pamoja na zinaishia mahali pamoja. Unacholipia ni njia ya katikati na mwisho wake, pamoja na ujenzi imara na vizuizi vya vumbi na maji, ambavyo kwa mtu anayepanda bodaboda na begi mgongoni kwenye vumbi la Mbezi si kitu kidogo. Lakini f/7.1 ni giza la kweli. Kutoka f/4 hadi hapo umepoteza zaidi ya theluthi mbili ya mwanga, na mtu wa sherehe za usiku asiiguse hata akiuziwa kwa nusu bei.

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja wa kazini, binti aliyenisaidia kushika taa kwenye sherehe mbili, alinipigia simu: “Kaka, nina hela ya lenzi moja tu, nisije nikakosea.” Nilimwambia afungue picha zake za miezi mitatu iliyopita, zile alizomkabidhi mteja tu, kisha aandike kwenye daftari kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi na kwa ISO ngapi, kwani taarifa hizo zimo ndani ya kila faili. Alirudi siku ya pili na kurasa nne. Zaidi ya nusu zilikuwa kati ya 40 na 55, na karibu zote hizo zilikuwa ISO 6400. Daftari lilikuwa limeshamjibu: kazi yake iko upande mrefu, usiku, na namba ya pili ndiyo inayomnyima usingizi. Lau lingejaa picha za 18 hadi 24 za mchana, ningemwambia abaki na lenzi yake ya boksi na hela anunue flashi ya pili.

Tukaenda pamoja Kariakoo kuangalia Sigma 17-50 ya f/2.8 ya mtumba. Nilimwonyesha jinsi ya kumulika kioo cha nyuma kwa tochi ya simu na kutazama kupitia mbele, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha fangasi ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui zinazoanzia pembeni, na lenzi ya f/2.8 yenye fangasi ni mzigo tu. Lenzi ya kwanza ilikuwa nazo. Ya pili ilikuwa safi, vibamba vikavu bila mafuta, pete ya zumu nzito kidogo lakini inakwenda hadi mwisho. Aliifunga kwenye kamera palepale dukani, akapanga M, f/2.8, 1/100, akamlenga muuzaji aliyekaa kwenye giza nyuma ya kaunta, akapiga kwenye 17, akavuta hadi 50, akapiga tena. Kisha akaziweka picha mbili moja baada ya nyingine kwenye skrini, akizirudisha mbele na nyuma kwa kidole, na mwanga kwenye paji la uso wa yule mzee ulikuwa uleule.